Vioo vya Kitahana

Wafanyabiashara wenzangu wanaokwenda China kuchukua mzigo huniuliza swali moja kabla hata hawajauliza habari za viwanda: tutakula wapi? Mimi nina duka la vyombo vya jikoni hapa Kasulu, na safari hizo nimezizoea kiasi kwamba swali lenyewe hunifurahisha. Nawaambia waamke mapema, waende kwenye kumbi za chai za Guangzhou, zile ambazo wazee huketi na magazeti yao tangu asubuhi na hakuna anayewafukuza. Humo wataletewa dim sum, vile vitafunwa vidogo vya Kichina vinavyopikwa kwa mvuke ndani ya vikapu vya mianzi na kuliwa na chai. Wakipitia Hong Kong, nawaelekeza ukumbi mmoja wa ghorofani ambako akina mama watu wazima bado husukuma vitoroli katikati ya meza na wewe unachagua kwa kidole. Wakiwa Singapore, nawaambia wale chini ya paa la soko, mahali pa kugombea kiti, jasho likikutiririka, na wasiogope foleni. Wengi hurudi wakisema nilisema kweli.

Safari iliyopita nilikaa peke yangu kwenye ukumbi mmoja wa Guangzhou. Mhudumu alikuja, akaweka kikapu mbele yangu na kukifunua bila kunitahadharisha, mvuke ukanipiga usoni. Nyama niliizoea, na tangawizi niliizoea. Kilichonishika ni harufu ya mianzi yenyewe ikiwa imelowa maji ya moto, harufu inayofanana kidogo na majani makavu yaliyonyeshewa mvua ya kwanza. Niliviacha vile vitafunwa vikapoa. Mzee wa meza ya pili alinitazama, nadhani alifikiri sijui kutumia vijiti. Mimi nilikuwa mbali naye sana. Nilikuwa jikoni kwa mama, Kitahana, nje kidogo ya Kibondo, na nyuma ya ukuta basi lilikuwa linapiga honi.

Jikoni kwetu palikuwa hotelini pia, maana hapo ndipo tulipoishi na hapo ndipo mama alipouzia chakula. Baba alifariki kabla sijaanza kumkumbuka. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na bibi, mama yake mama, aliyevuka kutoka Burundi upande wa Nyabibuye akiwa na mama mgongoni. Walikaa kambini miaka mingi, kisha wakapata uraia na kale kashamba ka Kitahana. Nyumba ilikuwa ukingoni kabisa mwa barabara. Siku hizo barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, yenye mashimo, na mabasi yaliyotoka Kasulu kwenda Kahama na Mwanza yalifika kwetu yamechoka kama watu. Dereva angezima injini, abiria wangeshuka wakijipangusa vumbi kwenye kope, na mama angewawekea ugali wa muhogo, maharage, sombe, yaani kisamvu, ya mawese, na dagaa wa Kigoma kama wapo. Kiangazi vumbi lilikaa juu ya kila kitu, na mama alifunika sufuria hata alipokuwa akikoroga.

Siku moja walikuja wapima barabara. Walikuwa na gari jeupe, na miguu mitatu ya chuma ya kusimamishia chombo chao cha kuchungulia. Kiongozi wao alikuwa injinia wa Kichina, mrefu, mwenye kofia ya manjano. Aliyemsaidia alikuwa kijana wa Kisukuma aitwaye Masanja, mcheshi, aliyewasalimia watu wote kwa zamu hata watoto. Walikula kwetu. Masanja alimaliza sahani yake na kuomba kuongezewa mchuzi. Injinia alimega tonge moja la ugali, akalitafuna muda mrefu, akanywa maji, akatabasamu kwa adabu na kuisogeza sahani pembeni.

Baada ya kula, Masanja alitoa kopo la rangi na brashi kwenye gari, akaja mpaka ukutani kwetu, akachora alama ya X kubwa, nyekundu, iliyochuruzika.

Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu wetu alikuwa na kalamu nyekundu, na maana ya X niliijua kuliko nilivyojua jedwali la kuzidisha. X ilikuwa kosa. Ukipata X hulii, unafanya masahihisho, unapeleka tena, na mwalimu akiridhika anakuwekea alama ya vema. Basi nilisimama mbele ya ukuta wetu nikijiuliza tumekosa nini. Nikazunguka kijijini kutazama. Bucha ilikuwa na X. Kibanda cha mama wa maandazi kilikuwa na X. Nyumba ya katekista, iliyokuwa nyuma yetu kwenye migomba, haikuwa na kitu, na katekista hakuuza chakula. Nikakumbuka lile tonge moja la injinia. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Tumekosa mapishi.

Nyumbani hakuna aliyesema lolote lililoniondoa kwenye wazo hilo. Nilipomuuliza mama ule ukuta umefanywaje, alisema, "Hayo ni mambo ya wakubwa. Kachote maji." Lakini usiku ule aliunguza maharage, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Bibi naye alitoa kitenge chake cha zamani, akakitandika kitandani, akaanza kupanga ndani yake vitu vidogo vidogo: Biblia yake ya Kirundi, sweta, chungu kidogo, kadi yake ya uraia ndani ya mfuko wa nailoni. Akafunga fundo.

"Bibi, unasafiri?"

"Wakija watu na alama, mwana wanje, wewe funga mzigo," alisema. "Mara ya kwanza nilichelewa."

Nikadhani naye anaona aibu kwa ajili ya X, kama mtoto anayehama shule.

Kambi ya Wachina wa barabara ilijengwa juu ya kilima, mabati ya buluu yaliyong'aa mpaka kwetu. Mpishi wao alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye mashavu ya duara, aliyeshuka kijijini kwa miguu kutafuta kuku na mboga. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na karibu kila jibu lake lilikuwa "sawa sawa", na watu wakamwita hivyo hivyo, Sawasawa. Yeye mwenyewe aliitika. Alijifunza haraka salamu ya Kiha ya kupiga makofi, akawa akiingia kwenye ua wa mtu anainama na kupiga makofi polepole, "Mwakeye, mwakeye," salamu ya asubuhi, hata kama ni saa tisa alasiri, na wanawake walicheka mpaka wakamuuzia kuku kwa bei nzuri.

Alipokuja kwetu kutafuta kuku, mama alikuwa shambani na bibi amelala. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nilipiga makofi, nikapiga goti, nikamwambia, "Shikamoo. Tunaomba utufundishe chakula ambacho hakina kosa."

"Sawa sawa," alisema.

Bila shaka hakuelewa nilichokuwa naomba. Lakini alikuwa ameshaona kitu nyuma yangu. Chini ya dirisha kulikuwa na beseni ambalo mama alikuwa ameachia maji ya muhogo uliokunwa yatuame. Mama alifanya hivyo ili apate wanga wa kupigia kola za sare yangu na majoho ya kwaya ya kanisani. Maji ya juu yalikuwa yameshamwagwa, na chini ulibaki ule wanga mweupe, mgumu, unaolia ukiubonyeza kwa kidole. Sawasawa alichuchumaa. Aliuchota kidogo, akausugua kati ya vidole, akauweka ulimini. Kisha akasimama na kusema maneno mengi kwa Kichina, kwa sauti, kwa mtu ambaye hakuwepo. Bibi alitoka ndani na fimbo.

"Hii muhogo?" aliniuliza Sawasawa. "Hii? Mama yako fanya hii?"

Nikaona sasa tumeharibikiwa kabisa. Hata wanga wa nguo umekaguliwa. Nikasema ndiyo, ni wa nguo, si wa kula, mama hawawekei wateja.

"Kesho," alisema. "Kesho mimi kuja."

Mama alipopata habari hizo hakufurahi. "Anataka nini jikoni kwangu huyo?" Lakini mgeni aliyepiga makofi uani humfukuzi, na kesho yake Sawasawa alikuja, amebeba kikapu cha mianzi cha duara chenye kifuniko, kijiti chembamba cha kusukumia unga, na tangawizi iliyofungwa kwenye gazeti. Alimwomba mama uyoga kwa kumchorea ardhini. Mama alikuwa na uyoga wa Kumsenga, uliokaushwa, ule wenye harufu ya msitu. Akautoa kwa shingo upande.

Nakumbuka kila alichokifanya. Alimimina maji yanayochemka juu ya wanga na kukoroga kwa nguvu, akaukanda ungali moto, akipuliza vidole. Wanga uliokuwa mkavu na wa kulia ukawa laini kama ndewe ya sikio. Alikata vipande, akavisukuma vikawa viduara vyembamba, akaweka uyoga uliokatwakatwa na tangawizi katikati, kisha akaanza kukunja ukingo, kipindo juu ya kipindo, mpaka kikawa kama kikoba kidogo. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono. Alipoona vile vipindo akasogea.

"Kumbe ni kusuka," alisema.

Akaosha mikono, akakaa. Mama ndiye aliyewasuka wanawake wa kwaya nywele, na vidole vyake havikuhitaji kuambiwa mara mbili. Chake cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilikaa upande. Sawasawa alikichukua cha tatu, akakigeuzageuza mwangani, akakiweka kikapuni pamoja na vya kwake bila kusema chochote, na mama akageuza uso ili nisimwone anavyotabasamu.

Kikapu kilitandikwa jani la mgomba, kikawekwa juu ya sufuria la maji yanayotokota, kikafunikwa. Ndipo ile harufu ikatoka. Mianzi iliyolowa, jani la mgomba, uyoga. Kifuniko kilipofunuliwa niliona jambo ambalo sikulitarajia: vile vikoba vilikuwa vimeondokwa na weupe wote. Vilikuwa vinang'aa, na ungeweza kuona uyoga ndani yake kama unavyoona samaki mtoni maji yakitulia.

"Ni kioo," nilisema.

Bibi alikiangalia cha kwake muda mrefu kabla ya kukila. Akala. Kisha akachukua kile kikapu kitupu, akakipindua, akapitisha kidole kwenye misuko yake, na kusema kuwa aliyekisuka alikuwa na haraka. Wiki hiyo alikwenda kukata mianzi ya porini na kuanza kusuka cha kwetu.

Vioo viliingia kwenye meza yetu kidogo kidogo. Mwanzoni mama aliwawekea abiria kimoja cha kuonja pembeni ya ugali. Sawasawa alirudi kila mara aliposhuka kununua mboga, na wao wawili walibishana kwa mikono. Yeye alitaka nyama ya nguruwe, mama alitaka sombe. Mama alichemsha sombe mpaka ikakauka, akaikaangia mawese, akaijaza kwenye vioo, na Sawasawa alipoionja akaongeza kingine, halafu kingine. Baada ya hapo hakubishana tena. Vilikuwa vizuri ajabu kutazama, kijani na rangi ya machungwa ya mawese vikionekana kwa ndani.

Konda wa basi moja la Kasulu, kijana aitwaye Rama, mwenye maneno ya redioni, ndiye aliyevisambaza. "Mama, hivi vitu ni noma," alisema. "Vinaitwaje?" Mimi nikawahi kujibu: "Vioo." Tangu siku hiyo, basi lake likikaribia Kitahana, Rama alining'inia mlangoni akipaza sauti, "Kwa Mama Vioo, dakika kumi! Vioo, vioo!" Watu waliokuwa wamelala waliamka. Wapo waliokuja na vyombo vyao ili wapeleke nyumbani. Mwanamke mmoja Mkongo, aliyetoka kuwatazama ndugu zake kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alikula amesimama, akaninyooshea sahani na kusema, "Mutoto, ambia mama yako iko bien kabisa. Aniongezee ingine." Mama alilirudia neno lile "bien" jioni nzima alipokuwa akiosha vyombo.

Mimi nilihesabu haya yote kuwa masahihisho. Kila sahani iliyorudi tupu ilikuwa hesabu iliyopatikana. Kilichobaki ni mwalimu arudi kuona.

Akarudi. Lile gari jeupe lilisimama mchana mmoja, wakashuka injinia na Masanja. Moyo ulinienda mbio. Nilikimbilia ndani nikamwambia mama aweke vioo tu, asiweke kitu kingine, na mama akanishangaa lakini akaweka. Injinia alipofunuliwa kikapu alirudi nyuma kidogo. Aliinama kukitazama. Akala kimoja, akavua kofia yake ya manjano na kuiweka benchini, akala vyote, taratibu, bila kumtazama mtu. Alipomaliza alikaa ameshika kikapu kwa mikono miwili.

Nikaona wakati umefika. Nilikuwa na kipande cha chaki nilichokiokota darasani, nimekitunza kwa ajili ya siku hii. Nikakipeleka kwa Masanja kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa.

"Cha nini, mdogo wangu?"

"Weka vema."

"Vema ya nini?"

"Pale ukutani. Tumeshafanya masahihisho. Amekula vyote."

Masanja aliutazama ukuta, akanitazama usoni, na lile tabasamu lake la kila siku likaondoka. Alichuchumaa mpaka tukawa sawa.

"Umesikia wapi kuwa ni kosa?"

"Ni X."

"Sikiliza," alisema. "Hapa hakuna aliyekosea. Mama yako hajakosea, chakula chake hakijakosea. Ile alama inasema barabara itapita."

"Itapita wapi?"

Masanja akapiga kiganja chake taratibu juu ya benchi aliloketi injinia. "Hapa."

Nilitazama benchi, nikatazama jiko, nikatazama beseni la wanga chini ya dirisha. Sikulia. Nilichohisi kilikuwa cha ajabu zaidi, aina ya uchovu, kama mtu aliyesoma kwa ajili ya mtihani ambao haukuwepo. Mama alikuwa mlangoni na alikuwa amesikia yote. Alikuja, akaketi chini, akanyoosha miguu na kunivuta katikati ya magoti yake, kama anavyofanya akitaka kunisuka.

"Siku zote hizi ulikuwa unafikiri hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nilidhani nikinyamaza utakaa kwa amani," alisema. Mikono yake ilikuwa imeanza kunichambua nywele, ingawa hatukuwa na kitana. "Nyumba itavunjwa. Nimejua tangu siku ile walipochora. Tutajenga nyingine kule juu, kwenye muhogo. Wametuelekeza vizuri. Ila sikupata maneno ya kumwambia bibi yako."

Bibi alikuwa ameshatoka. Alisimama ameegemea ukuta, karibu kabisa na ile X, na aliongea na Masanja kwa Kiswahili chake cha polepole, akichagua kila neno.

"Kijana. Sisi mnatupeleka wapi?"

"Hatuwapeleki popote, bibi."

"Ng'ambo?"

"Hapana, bibi."

"Kambini? Sinzogenda. Sitakwenda."

Masanja alisimama. Alionyesha mteremko nyuma ya nyumba, pale muhogo wetu ulipokuwa ukiyumba kwa upepo. "Mnasogea mpaka pale tu. Shamba ni lenu, na nchi ni yenu. Ukiwa pale juu utaniona nikipita, utaniita nije kula."

"Sema tena," alisema bibi.

Akasema tena, yote, bila haraka. Bibi aliusikiliza uso wake kuliko maneno. Kisha akaingia ndani. Tulisikia fundo likifunguliwa na vitu vikiwekwa mezani kimoja kimoja, halafu sauti yake ikauliza kama kuna maji ya chai kwa wageni. Injinia, ambaye hakuwa ameelewa neno, alimtazama Masanja, Masanja akamweleza kwa Kiingereza kifupi, na yule mtu mrefu akainama mbele ya mlango wetu kwa heshima, akakaa hivyo kitambo.

Tulivunja nyumba wenyewe kabla mashine hazijafika. Mama alitaka mabati yake yashuke salama, na milango, na dirisha. Wanakwaya walikuja kusaidia, wakaimba walipokuwa wakipandisha mbao. Nyumba mpya ilisimama kwenye mteremko, kubwa kidogo kuliko ya kwanza, na mbele yake mama aliweka baraza la miti la wateja. Mashine ilipopita pale tulipoishi, ilichukua muda mfupi sana. Nilitazama mpaka mwisho. Nilichokikumbuka baadaye ni kwamba sehemu ya jikoni udongo wake ulikuwa mweusi kwa masizi, ukachanganyika na mwekundu, kisha ukapotea.

Kambi ya Wachina ikavunjwa nayo, wakahamia mbele na kazi. Sawasawa alishuka kuaga. Alipiga makofi uani, "Mwakeye," na safari hii ilikuwa asubuhi kweli. Mama alimfungia wanga kwenye mfuko, na uyoga, na chupa ya mawese aliyoiziba kwa jani. Yeye akampa mama kile kijiti cha kusukumia, kilichokuwa kimeng'aa kwa mikono yake. Mama alikataa, wakavutana kidogo.

"Mama," alisema Sawasawa, "mimi fundisha wewe chakula ya nyumbani yangu. Sasa ile ya mawese, ile hapana yangu. Ile yako. Mimi kwenda fundisha watu wangu."

Mama akapiga goti kumuaga, kitu ambacho hakuwafanyia wanaume wa rika lake.

Kisha lami ikafika. Watoto tuliilalia kwa matumbo jioni ili tupate joto lake. Wakubwa walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini mama hakushangilia nao. Rama alikuwa amemwambia ukweli bila kumficha: "Mama Vioo, kwenye lami ratiba inabana. Zamani tulisimama kwa sababu injini inachemka. Sasa haichemki. Bosi anataka tufike Kasulu mapema. Usinielewe vibaya."

Siku ya kwanza ambayo mabasi yalitumia lami, mama aliamka kama kawaida, akakanda, akajaza, akakunja, akapanga vikapu vya bibi juu ya sufuria vinne kwenda juu. Nilimwambia pengine apike vichache. Alisema, "Mimi sijui kupika kwa kukisia." Tukakaa barazani tukitazama chini barabarani. Basi la kwanza likapita likivuma, upepo wake ukayumbisha muhogo. La pili likapita. Abiria mmoja alitupungia mkono, nami nikampungia. La tatu lilikuwa la Rama. Nililijua kwa mlio wake kabla sijaliona, nikasimama. Lilikuja kwa kasi, likapiga honi ndefu mbele yetu, na likapita.

Mama alichukua kifuniko akarudishia juu ya kikapu.

Nilikuwa bado nalitazama likiteremka kuelekea darajani, dogo, likizidi kuwa dogo, nilipoona taa zake nyekundu za nyuma zikiwaka. Likasimama. Halafu, taratibu, likiyumba upande huu na upande ule, likaanza kurudi kinyumenyume kupanda kilima. Rama alikuwa ananing'inia mlangoni, amegeuza kichwa kumwelekeza dereva, na sauti yake ilitufikia kabla ya basi: abiria wamegoma, wamekataa kwenda mbele, kuna mzee ameshika kiti cha dereva. Madirisha yote yalikuwa wazi na watu wametoa mikono nje wakipigapiga ubavu wa basi.

Niligeuka kumwambia mama, na mama hakuwepo barazani. Nilimkuta jikoni, ameegemea mlango, kanga imefunika uso wote. Nilisimama nikisikiliza anavyopumua. Kule nje abiria walikuwa wameanza kupanda mteremko, wakiitana, mchanga ukiteleza chini ya viatu vyao. Mama aliishusha kanga, akajifunga kiunoni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Toa mabenchi yote," alisema. "Waambie waketi, mvuke haujapanda."

Akaongeza kuni.